Jasho, Kodi na Tokeni: Nani Alilipa na Nani Aliamua Barabara za Morogoro

Mji wa Morogoro umekaa mahali ambapo maji hayana subira. Milima ya Uluguru imesimama juu ya mapaa ya nyumba, na mito ya Morogoro, Kilakala, Kikundi na Bigwa inateremka kwa kasi katikati ya makazi kabla ya kuingia mto Ngerengere. Barabara ya mtaa isiyo na mtaro haidumu hapa. Masika moja tu inatosha kuigeuza korongo, na greda likishapita kiangazi, kifusi kilichomwagwa kinaweza kusombwa chote kabla mwaka haujazunguka. Kwa hiyo mjadala wa matengenezo haukomi, na kila unapoanza, majibu mawili huwa yameshaandaliwa. Viongozi wanasema watu wa mjini hawapendi kuchangia. Watu wa mjini wanasema serikali haina habari na mitaa yao. Kila jibu lina chembe yake ya ukweli, lakini yote mawili yanasahau historia ya mji wenyewe. Wakazi wa Morogoro wamezilipia barabara kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa mikono, kwa kodi na kwa michango, na karibu kila zama aliyelipa hakuwa ndiye aliyeulizwa ni barabara ipi itengenezwe, kwa namna gani na lini. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipo: kila malipo yalipotengwa na kauli ya mlipaji, watu walijifunza kukwepa malipo, na barabara ikafa pamoja nayo.

Kabla ya kodi palikuwa na hongo, yaani malipo ya kupita njia. Katika karne ya 19 Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, alijenga mji wenye ngome karibu na mto Ngerengere, kwenye njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Unyamwezi. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo una kuta za mawe na malango, na mtawala wake ni binti wa Kisabengo, Simbamwene, ambaye jina lake ndilo wapita njia walilouita mji. Stanley aligombana na mtawala huyo kwa sababu ya hongo, na katika maandishi yake alimchora kama mnyang'anyi. Tukiweka hasira zake kando, tunaona utaratibu ulioeleweka na pande zote. Mwenye msafara alijua analipia nini, yaani njia salama, maji na mahali pa kupiga kambi. Kiwango kilijadiliwa, na aliyeona amezidiwa angeweza safari nyingine kushika njia nyingine. Siusifu utaratibu huo. Ulilindwa kwa bunduki, na waliokuwa wamebeba mizigo kichwani hawakuwa na neno katika majadiliano. Nautaja kwa sababu ndio mwanzo wa kumbukumbu ya malipo ya njia katika bonde hili, na mwanzo huo ulikuwa na jambo ambalo zama zilizofuata zililipoteza: aliyelipa aliweza kubisha.

Serikali ya Wajerumani ilileta kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, na kwa asiyekuwa na rupia, kazi ikawa fedha yake. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, mji mpya ukaota kati ya stesheni na boma. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mambo yale yale kwa karatasi nadhifu zaidi. Sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922 iliruhusu aliyeshindwa kulipa afanye kazi za umma badala ya fedha, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kuwaamuru watu watoke kwenda kwenye kazi za pamoja, barabara zikiwemo. Waingereza hao hao walikuwa na historia ya kwao ya kulima barabara kwa nguvu za watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1555 ilimtaka kila mkazi wa parokia atoe siku 4 kwa mwaka kwa ajili ya barabara, nayo ilidumu hadi karne ya 19. Lakini sheria hiyo iliwaagiza wanaparokia wenyewe wakutane na kumchagua msimamizi wa kazi kutoka miongoni mwao. Nusu ya kwanza ya desturi hiyo, ile ya kutoa siku, ilivuka bahari mpaka Tanganyika. Nusu ya pili ilibaki Uingereza. Huku kwetu msimamizi aliteuliwa na aliyemteua ndiye aliyemwajibisha, na mwenye jembe hakuwa na nafasi ya kusema kwamba mtaro unachimbwa upande usiofaa.

Ndani ya mji mambo yaliendeshwa na mamlaka ya mji mdogo, ambayo wajumbe wake waliteuliwa na serikali, na kwa muda mrefu viti vingi vilikuwa vya maofisa wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Ilikuwa hivyo katika miji karibu yote ya Tanganyika, na matokeo yake bado yanasomeka kwenye ramani: lami na mitaro ya mawe ilianzia kwenye makazi ya maofisa na mitaa ya maduka, na uswahilini kukaachiwa vumbi na tope. Hata hivyo si kweli kwamba watu walikaa kimya. Gazeti la serikali la *Mamboleo*, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha barua za wasomaji, na baada ya Tanganyika kuwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, watu walipata haki ya kupeleka maombi yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Wameru walifanya hivyo kwa kishindo mwaka 1952 walipodai ardhi yao. Sanaa ya kuandika ombi, yenye salamu mwanzoni, hoja katikati na majina mengi chini, ilikuwa imekomaa nchini kabla ya bendera kubadilishwa.

Somo kubwa zaidi lilitoka mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa ya kueleweka. Udongo ulikuwa unamomonyoka, mito ilikuwa inajaa mchanga, na Dar es Salaam pamoja na mashamba ya mkonge ya bondeni yalihitaji maji. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta mapana yaliyokatwa kama ngazi kwenye miteremko, na kila mlipa kodi alipaswa kutoa siku zake za kazi kuyachimba. Waluguru hawakuulizwa, ingawa ardhi hiyo ilikuwa mali ya koo zilizorithishana kwa upande wa mama, na walioilima siku hadi siku walikuwa zaidi wanawake. Wenye mashamba walilalamika kwamba matuta yanafukia udongo mzuri na kupandisha juu udongo usiozaa. Lalamiko lao lilichukuliwa kuwa uvivu, na baadaye kuwa uchochezi. Mwaka 1955 umati ulikusanyika Matombo, upande wa pili wa milima, kukabiliana na maofisa pamoja na Sultani wa wenyeji, Sabu bin Sabu. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na muda mfupi baadaye mpango ukaachwa. Miaka ya 1970 mwanajiografia Paul Temple alirudia swali hilo kwa vipimo na kumbukumbu za serikali, na alichokiona kinakaribiana sana na alichokuwa akikisema mkulima: katika miteremko mikali yenye udongo mwembamba, matuta ya aina ile hayakufaa.

Nimekaa na Matombo kwa makusudi, ingawa palikuwa mashamba na hapakuwa mtaa wa mjini. Tukio lile linatoa mambo mawili ambayo mjadala wa barabara za Morogoro unayahitaji. La kwanza ni kwamba lengo zuri na utaalamu wa kweli havikutosha kuuokoa mpango uliowanyima walipaji kauli. La pili ni zito zaidi. Kauli iliyonyimwa nafasi ilikuwa na taarifa ya kitaalamu ndani yake. Waluguru hawakuwa wakipinga uhifadhi wa udongo; walikuwa na namna zao za kuuzuia. Walikuwa wakisema kipimo kilichochukuliwa hakikulingana na mlima wao. Maji yale yale yaliyozungumziwa Matombo ndiyo, kwa upande huu wa milima, yanayokata barabara za Kilakala, Bigwa na Mlimani leo. Mtu aliyeishi miaka 20 kwenye mteremko anajua maji ya masika yanaingilia wapi, na mara nyingi anajua hilo kabla ya mhandisi kufika na darubini yake.

Uhuru ulibadilisha mengi, na katika kazi za umma ulibadilisha kwanza moyo wa watu. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, kampeni ya kujitolea ilisambaa nchi nzima: barabara za vijijini, madarasa na zahanati vilijengwa kwa nguvu za watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakitoroka kazi za chifu. Ni ushahidi mkubwa dhidi ya wanaodai kwamba Mtanzania hachangii mpaka ashurutishwe. Jembe lilikuwa lile lile, ila sasa mwenye jembe aliona kazi ni yake. Lakini kampeni ile ilikuwa na kasoro iliyokuja kuigharimu. Watu walijenga vingi kuliko serikali ilivyoweza kuvihudumia, barabara nyingi zilikosa matengenezo, na aliyezijenga hakuwa na mahali rasmi pa kuuliza kulikoni. Taratibu za kusikiliza ziliwekwa, tena nzuri. Mabalozi wa nyumba kumi wa TANU walisikia kero za kila siku, na mwaka 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo wajumbe wake walizunguka mikoani kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na maofisa. Nchi chache za Afrika zilikuwa na chombo kama hicho wakati huo. Ila tume ilikusudiwa kumchunguza ofisa aliyemwonea mtu. Haikukusudiwa kujibu kwa nini mtaro wa mtaa fulani haumo kwenye bajeti. Kero ya mtu mmoja ilipata mlango, na kero ya mtaa mzima ikaendelea kumtegemea balozi, ambaye alikuwa mtu wa chama kabla ya kuwa mtu wa jirani.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1972, na ajabu yake ni kwamba lilikuja kwa jina la kuwapa wananchi madaraka. Katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa na shughuli zao zikawekwa chini ya watendaji wa mkoa na wilaya waliotumwa kutoka serikali kuu. Miji ikawa haina chombo chake chenyewe. Takataka hazikuzolewa, mitaro iliziba, barabara zikajaa mashimo, na kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa muongo huo, serikali yenyewe ilikubali kosa na kurejesha halmashauri za miji mwaka 1978. Katika kipindi hicho hicho Morogoro iliingizwa kwenye awamu ya pili ya mradi wa taifa wa viwanja vyenye huduma, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1977. Viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa, na mabomba yakalazwa. Gharama zilitarajiwa kurudi kupitia kodi ya ardhi na ada ya huduma ambayo kila mwenye kiwanja angeilipa. Hapa ndipo Morogoro ilipokaribia kabisa kile ambacho miji ya nchi nyingine hukiita tozo ya uboreshaji wa mtaa: unalipia barabara iliyo mbele ya mlango wako.

Ada hiyo, katika miji yote ya mradi, ilikusanywa kwa shida na fedha zilizorudi zilikuwa kidogo sana. Maelezo ya kawaida ni kwamba wenye viwanja walikuwa maskini, au walizoea vya bure. Umaskini ulikuwepo, lakini hauelezi kwa nini watu hao hao waliweza kujenga nyumba za matofali kwenye viwanja hivyo. Nadhani mpangilio wenyewe unaeleza zaidi. Ada iliamuliwa katika makubaliano ya mkopo kati ya serikali na benki. Ikapangiwa kukusanywa na ofisi za ardhi za serikali. Na iliyokusanywa haikurudi kwenye mtaa kama ukarabati ambao mlipaji angeweza kuuona. Ada ilipoamuliwa mji haukuwa hata na halmashauri ambayo mwenye kiwanja angeipelekea ombi au kuipigia kura ya hasira. Mlipaji alikuwa amebaki na kauli moja tu, nayo ni kutolipa, na aliitumia.

Miaka ya 1980 na 1990 ilirudisha vyombo kimoja baada ya kingine. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliweka misingi, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, mtaa ukawa ngazi rasmi yenye mwenyekiti wa kuchaguliwa. Uchaguzi wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika mwaka 1994. Sheria ya mamlaka za miji ilitaka halmashauri itangaze kusudio la kutunga sheria ndogo, ikiwemo ya ushuru, ili wakazi walete mapingamizi kabla haijapitishwa. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 ilikwenda mbali zaidi: daftari la uthamini liwekwe wazi, mwenye nyumba aone thamani aliyoandikiwa, na asiporidhika apeleke pingamizi kwenye baraza lililowekwa kwa kazi hiyo. Kwenye karatasi, mkazi wa Morogoro hakuwahi kuwa na kauli kubwa kama hiyo. Kwenye utendaji, matangazo yalibandikwa ubao wa halmashauri ambao watu wachache walipita kuusoma, na nyumba nyingi za mji hazikuwahi kuthaminiwa. Kodi ya maendeleo, iliyokusanywa kwa misako ya asubuhi na watu kufungiwa ofisini kwa mtendaji, iliendelea kumfundisha mkazi kwamba serikali ya mtaa ni mkono unaochukua. Ilipofutwa mwaka 2003 watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Halmashauri nazo zikazidi kutegemea ruzuku ya hazina na fungu la Mfuko wa Barabara, linalotokana na tozo ya mafuta.

Upande wa Dar es Salaam, katika miaka hiyo hiyo, palikuwa na jaribio linalofaa kulinganishwa. Mtaa wa Hanna Nassif, uliokuwa ukizama kila mvua, ulianza mradi wa kujiboresha mwaka 1994 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Wakazi walichangia sehemu ya gharama, wakashiriki kupanga mitaro na barabara zipite wapi, ambalo si jambo dogo pale ambapo mtaro unamega ukuta wa jirani, na jumuiya yao ikaingia mikataba ya kufanya kazi kwa malipo. Mradi haukukosa dosari. Matengenezo ya baadaye yalisuasua na wapangaji walianza kuhama kodi za nyumba zilipopanda. Lakini michango ilitoka, kutoka kwa watu wa kipato kile kile kilichosemwa hakiwezi kulipa ada ya viwanja vyenye huduma. Ikiwa pato ni lile lile na matokeo ni tofauti, lazima tutazame utaratibu.

Mwaka 2017 ndipo matengenezo ya barabara za mijini na vijijini yalipotolewa mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo. Mwaka huo huo kodi ya majengo, ambayo ukusanyaji wake ulikuwa umekwisha kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, iliingizwa kwenye LUKU, yaani tokeni za umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ukitafuta njia rahisi ya kukusanya, ni vigumu kupata bora kuliko hii. Hakuna msako, hakuna foleni, na hakuna karani wa kuficha risiti. Lakini angalia kilichotoweka. Kiwango kikishakuwa kimoja kwa nyumba zote za kawaida, hakuna thamani ya kubishia, na pingamizi lililowekwa na sheria ya mwaka 1983 linabaki halina cha kupinga. Kwenye nyumba za kupanga, ambazo Morogoro yenye vyuo na viwanda inazo nyingi, anayenunua tokeni mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo mlipaji ni mtu ambaye hakuwahi hata kuandikwa kwenye daftari la majengo. Naye diwani, ambaye wapiga kura wanamfuata asubuhi kumuuliza kuhusu kalavati lililobomoka, anapaswa kumuuliza meneja wa wakala asiyewajibika kwa baraza la madiwani. Malalamiko ya madiwani na wabunge juu ya jambo hilo yamesikika tangu wakala ulipoanza.

Anayeutetea utaratibu huu ana hoja nzuri, na ya kwanza ni kwamba halmashauri zilipokuwa na barabara mikononi hazikufanya maajabu. Ni kweli. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali za miaka ile zimejaa kandarasi za barabara zilizolipwa kabla ya kukamilika, na diwani mwenye sauti kubwa aliweza kuvuta greda upande wa kata yake. TARURA imeleta wahandisi, orodha ya barabara zilizopimwa na, baada ya mwaka 2021, fedha zaidi. Sidai barabara zirudi kwa madiwani. Nadai tofauti kati ya anayetekeleza na anayeamua kipaumbele. Mhandisi ajibu unene wa moramu na upana wa kalavati. Swali la kama fedha chache za mwaka huu ziende kwenye barabara ya kuelekea zahanati au ya kuelekea soko halina jibu la kihandisi, na kulijibu ofisini ni kuchagua kwa niaba ya watu bila kusema kwamba umechagua.

Hoja ya pili inasema wakazi wataomba kila mtu barabara ya mlangoni pake, na mtaro utakaookoa mtaa wa juu utauzamisha wa chini. Katika mji wa mteremko kama huu, hoja hii ndiyo inayonipa shida zaidi. Maji yakielekezwa kutoka Kilakala bila mpango yanafika kwa mtu wa bondeni ambaye hakuwepo kwenye kikao. Ndiyo maana mkutano wa mtaa peke yake hautoshi; mitaa inayokunywa maji ya mto mmoja inapaswa kuketi pamoja, na mhandisi awepo kueleza maji yatakwenda wapi. Lakini hiyo ni sababu ya kupanua kikao. Haiwi sababu ya kukifuta. Wataalamu wa mwaka 1955 nao waliamini wakulima wanaona mashamba yao tu, na waliokuwa na picha fupi ya mlima walikuwa wao.

Ya tatu ni hoja ya haki, na inastahili mfano kutoka mbali. Katika karne ya 19 jiji la Chicago lilitengeneza mitaa yake kwa tozo zilizotozwa wenye majengo wa mtaa husika, nao ndio waliokuwa na haki ya kupeleka ombi la kuanza kazi. Malipo na kauli vilikutana kikamilifu. Matokeo yakawa mitaa ya matajiri iliyosakafiwa vizuri na mitaa ya wapangaji iliyobaki tope, kwa kuwa asiyekuwa na jengo hakuwa na ombi. Tukiiga hivyo, Kilakala itapata lami na Chamwino itapata barua ya pole. Kwa hiyo kauli isipimwe kwa ukubwa wa malipo. Morogoro ina bahati ambayo Chicago haikuwa nayo: mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mtu mzima, mwenye nyumba na mpangaji, na fungu kubwa la fedha za barabara linatoka kwenye mafuta, ambayo kila anayepanda daladala au bodaboda anayalipia. Mpangaji wa Mji Mpya tayari ni mlipaji.

Watasema mikutano hiyo haina watu. Mara nyingi ni kweli, na uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani vilijitoa na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, haukumpa mkazi sababu ya kuamini kwamba kuna la kushindania. Lakini watu hawaendi kwenye kikao kisichoamua kitu. Huko ni kutumia Jumamosi yao vizuri. Kama mwenyekiti anaitisha mkutano kusoma tu kiwango cha mchango wa kifusi, atakaowapata ni wazee wachache na watoto wanaopita. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, uliotumika tangu mwanzo wa miaka ya 2000, uliwakalisha watu wapange vipaumbele vyao, na mingi ya mipango hiyo iliishia kabatini kwa kuwa bajeti ilipangwa kwingine. Aliyeshiriki mara moja na asipate jibu hana deni la kushiriki tena.

Kinachohitajika hakidai sheria mpya kubwa. Kila mita ya umeme ina namba na ipo katika mtaa unaojulikana, kwa hiyo makusanyo ya kodi ya majengo yanaweza kujumlishwa kwa kila mtaa. TARURA ina orodha ya barabara zake na mpango wa kila mwaka wa matengenezo. Takwimu hizo mbili zisomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa kabla bajeti haijafungwa, meneja wa wakala au mhandisi wake akiwepo, na ombi la wakazi lililopigiwa kura lipewe jibu la maandishi: limekubaliwa, limeahirishwa mpaka mwaka gani, au limekataliwa kwa sababu ipi. Mchango wa ziada wa kifusi au kalavati usiombwe mpaka hayo yawe yamesomwa. Jibu la kukataliwa nalo libandikwe ofisini kwa mtendaji, likiwa na jina la cheo cha aliyelitia saini, ili anayetaka kulipinga ajue aanzie kwa nani.